Programu ya DJ Anayeanza: Kutoka Dalili Hadi Chanzo

Kijana anayeanza kazi ya DJ hapa Dar es Salaam huwa na swali moja kabla ya mengine yote: nipakue programu gani? Nimeulizwa swali hilo Kinondoni, Temeke na Gongo la Mboto, na karibu kila mara, ninapomwomba muulizaji afungue kompyuta yake, nakuta ameshapakua programu tatu au nne ndani ya mwezi mmoja na kuziacha zote kwa sababu ya kasoro ileile. Sauti ilikwaruza katika ya kwanza, ikakwaruza katika ya pili, na katika ya tatu hali kadhalika. Kasoro inayomfuata mtu kila anapohama haikai ndani ya programu. Inakaa kwenye kompyuta, kwenye mafaili ya nyimbo, au kwenye mipangilio ambayo hakuna aliyewahi kumwonyesha.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye dalili, unatafuta chanzo, kisha ndipo unasema iwapo chanzo hicho kinadai programu nyingine. Majina yatakayojitokeza ni sita: Serato DJ, rekordbox, Traktor, VirtualDJ, djay na Mixxx. Zote hufanya kazi ya msingi kwa namna moja, yaani zinakupa pande mbili za kupakia nyimbo, zinapima kasi ya kila wimbo na kukuwezesha kuutoa mmoja huku mwingine ukiingia. Mixxx ni ya bure kabisa na msimbo wake ni huria, nayo hufanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Serato ina toleo la bure liitwalo Lite, rekordbox ina mpango wa bure, na VirtualDJ ni bure kwa anayejifunza nyumbani bila kuitumia kibiashara. Kwa hiyo mtu anayeanza hana haja ya kutoa hata shilingi moja mpaka ajue ni dalili ipi hasa inayomsumbua.

Katika majaribio yote yanayofuata, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Anayebadilisha kebo, mipangilio na programu kwa pamoja anaweza kupona bila kujua dawa ilikuwa ipi, na ugonjwa ukirudi siku ya kazi atakuwa hana pa kuanzia.

Sauti inakwaruza, inakatika au inaruka

Hii ndiyo dalili inayowahamisha watu kutoka programu moja hadi nyingine kuliko dalili zote, na ndiyo inayosingiziwa programu bila hatia. Kabla ya kugusa chochote, sikiliza mkwaruzo unakuja lini. Ukija katika sekunde ileile ya wimbo uleule kila unapoupiga, faili la wimbo huo limeharibika. Lifute na ulitafute upya. Ukija pale tu unapogusa kontrola, yaani mashine ya vitufe na magurudumu inayoiendesha programu, au kuisogeza kebo, shuku kebo yenyewe, tundu la USB au kigawanyio cha USB ulichonunua kwa bei ya kutupa. Ukija bila mpangilio, vidoadoa vya tik-tik vinavyotawanyika hata wimbo mmoja ukicheza peke yake, basi kompyuta inashindwa kuandaa sauti kwa wakati.

Kushindwa huko kunahesabika. Programu huandaa sauti mafungu mafungu, na ukubwa wa kila fungu huitwa bafa. Kwa kiwango cha kawaida cha sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 256 huipa kompyuta takriban milisekunde 5.8 za kuandaa fungu linalofuata. Bafa ya 512 huipa 11.6, na ya 1024 huipa 23.2. Kompyuta ikichelewa hata mara moja linabaki pengo, na pengo hilo ndilo mkwaruzo unaousikia. Fungua mipangilio ya sauti, panda kutoka 256 hadi 512, kisha hadi 1024, na kila hatua ichezee nyimbo mbili kwa dakika kumi. Mkwaruzo ukikoma, umeshapata ulichokuwa unakitafuta katika programu nne. Bei yake ni kwamba mkono wako na sauti vitaachana kidogo. Anayeskrachi ataudhika kwa milisekunde 23, lakini anayepiga muziki wa harusi hatazihisi.

Kama hata 1024 haitoshi, endelea kushuka chini ya programu. Kwenye Windows, hakikisha umechagua draiva ya ASIO iliyokuja na kontrola yako, yaani programu ndogo inayoipa sauti njia ya mkato hadi kwenye kifaa, badala ya kuiacha sauti ipite njia ya kawaida ya mfumo. Zima Wi-Fi na Bluetooth ukisha kupata nyimbo zako, kwa sababu draiva za vifaa hivyo ni miongoni mwa zinazojulikana kwa kuikatiza kompyuta katikati ya kazi ya sauti. Weka mpango wa umeme kwenye utendaji wa juu, na uzuie mfumo usizime matundu ya USB kwa ajili ya kuokoa betri. Hili la umeme lina uzito wa pekee kwetu: umeme ukikatika, jenereta la ukumbi huchukua muda kabla ya kuwaka, na katika muda huo kompyuta nyingi hujishusha kasi zenyewe kwa kuwa zimebaki kwenye betri. Mtu husema programu yake haivumilii kukatika kwa umeme, kumbe ni mpangilio wa dakika moja ambao hakuwahi kuufungua.

Kisha kuna joto. Niliwahi kuitwa kumsaidia DJ mmoja katika shughuli ya sendi-ofu, sauti ikikatika kila baada ya dakika ishirini au thelathini, naye alikuwa ameshaamini kwamba programu ina virusi. Niliingiza mkono chini ya laptop yake. Wapambaji walikuwa wameivika meza kitambaa cha satini chenye mikunjo mingi, na mikunjo hiyo ilikuwa imeziba matundu yote ya feni. Sehemu ya chini ilikuwa ya moto kiasi kwamba sikuweza kuushikilia mkono hapo. Tuliinua laptop kwa visanduku viwili vya CD, na shughuli ikaenda hadi saa sita usiku bila kukwaruza. Kompyuta inayopata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi ili isiungue, na hiyo ni hulka yake popote, sembuse Dar es Salaam ya mwezi wa pili katika ukumbi usio na kiyoyozi.

Likibaki tatizo baada ya hayo yote, tazama mashine yenyewe. Laptop nyingi zilizotumika zinazouzwa Kariakoo huja na RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka. Kwenye mashine ya namna hiyo, zima kabisa kipengele cha kutenganisha sauti ya mwimbaji na ala, kwa kuwa ndicho kinachokula nguvu kuliko vyote, punguza kasi ya michoro ya mawimbi kwenye skrini, na uchambue nyimbo zote nyumbani ili programu isifanye kazi hiyo wakati wa kupiga. Hapa ndipo uchaguzi wa programu unapoanza kuwa na maana: chukua Mixxx, au VirtualDJ yenye mwonekano mwepesi, na uachane na programu zinazokuja na mapambo mengi. Hata hivyo ushauri wangu wa dhati ni kwamba fedha ya kwanza uliyonayo iende kwenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD kabla ya kwenda kwenye leseni ya programu yoyote.

Programu inausoma wimbo wa singeli kwa nusu ya kasi yake

Dalili hii haielezwi vya kutosha katika miongozo iliyoandikwa Ulaya na Marekani, kwa sababu waandishi wake hawapigi muziki tunaopiga sisi. Singeli, muziki uliozaliwa katika mitaa ya hapahapa Dar es Salaam, hukimbia mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Programu nyingi hutafuta kasi ya wimbo ndani ya masafa maalumu, na ukomo wa juu wa masafa hayo mara nyingi uko chini ya 200. Wimbo wa mapigo 220 ukiingia, programu haiwezi kuandika 220. Inaandika 110, na kwa macho ya anayeanza namba hiyo inaonekana halali kabisa.

Matokeo yake yanaonekana unapoomba lupu ya mapigo manne, yaani kipande kinachojirudia. Kwa mapigo 220 kipande hicho kingedumu takriban sekunde 1.09, lakini kwa sababu programu inaamini ni 110, kinadumu sekunde 2.18, na MC anayekimbia juu yake anajikuta amepewa uwanja mara mbili ya alioutarajia. Athari za mwangwi nazo zinarudi kwa mwendo wa uvivu. Anayejifunza huhitimisha kwamba lupu za programu hiyo ni mbovu.

Pima mwenyewe kwa saa ya simu. Hesabu mapigo kwa sekunde 15 kisha zidisha kwa nne. Wimbo wa 220 utakuwa na mapigo 55 ndani ya sekunde hizo, na kwa kuwa ulimi hauwezi kuhesabu haraka kiasi hicho, gonga kidole kila baada ya mapigo mawili kisha uzidishe kwa nane. Ukipata namba iliyo mara mbili ya ile ya skrini, tafuta kitufe cha kuzidisha kasi mara mbili katika sehemu ya kuhariri gridi, yaani mistari inayoonyesha mapigo juu ya wimbo; karibu programu zote zinacho. Wakati mwingine kosa si la nusu, bali la theluthi mbili, ambapo wimbo wa 220 unasomwa kama 146 na ushee. Kosa hilo hutokea zaidi kwenye midundo yenye mapigo ya tatutatu ndani yake, ambayo katika ngoma zetu haikosekani. Mixxx ina amri za kurekebisha kwa theluthi na kwa robo pia, si kwa nusu tu, na kwa DJ ambaye singeli ndiyo mkate wake, hiyo ni sababu halisi ya kuichagua.

Kuna faida iliyojificha humo. Amapiano nyingi huchezea karibu na mapigo 112, na 112 mara mbili ni 224. Kwa hiyo unaweza kutoka amapiano hiyo ukaingia singeli ya 224 bila kuisogeza kasi hata kidogo, ilimradi gridi zote mbili zimesahihishwa.  Ukizisahihisha, utayaona makutano hayo kwenye skrini kabla hujaupakia wimbo.

Jambo jingine la kupima kabla ya kuchagua ni kile kitufe kinachozuia sauti ya mwimbaji isipande wala kushuka wimbo unapoongezwa au kupunguzwa kasi. Chukua wimbo wa bongo fleva wenye sauti ya mwimbaji iliyo wazi, ushushe kwa asilimia 10, kisha uusikilize kwa hedifoni. Programu hutofautiana sana hapo. Nyingine huifanya sauti isikike kama inatoka kwenye bomba, na sikio lako litakuamulia ndani ya nusu dakika.

Nyimbo za dansi za zamani zinaachana na gridi

Ukipakia rekodi ya Msondo Ngoma au Mlimani Park, mstari wa kwanza unakaa sawasawa juu ya gridi, lakini ikifika sehemu ya kuchezea magitaa, mapigo na mistari vimeshaachana kabisa. Programu haijakosea kupima. Bendi hizo zilirekodi kwa pamoja, nyingi katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, mpiga ngoma akiongozwa na damu yake badala ya mashine, na wimbo uliimarika kasi kadiri ulivyochangamka. Gridi iliyonyooka haiwezi kufuata mwendo wa namna hiyo.

Anayepiga zaidi muziki huo atafute programu inayoruhusu gridi kupinda. Rekordbox ina aina ya pili ya uchambuzi inayofuata mabadiliko ya kasi. Serato hukuruhusu kuweka alama nyingi za mapigo kwa mkono katika wimbo mmoja. Mixxx ina mahali pa kuiambia isichukulie kwamba kasi ni moja mwanzo hadi mwisho. Binafsi, nyimbo hizo huzipiga bila kugusa kitufe cha SYNC, kile kinacholinganisha kasi chenyewe, nikizisukuma kwa gurudumu na kuzisikiliza, na ningemshauri kila anayeanza ajifunzie hapo, kwani hakuna mwalimu wa sikio kama mpiga ngoma aliye hai.

Husikii wimbo unaofuata kwenye hedifoni

Kompyuta ya kawaida ina njia moja ya kutolea sauti, kulia na kushoto. DJ anahitaji mbili: moja iende kwenye spika, nyingine iende masikioni mwake. Hakuna programu inayoweza kuumba tundu ambalo halipo, kwa hiyo kubadilisha programu hapa ni kupoteza muda.

Tiba ya bei ndogo ni kebo ya kugawa, ambayo hupeleka upande mmoja wa sauti kwenye spika na upande wa pili kwenye hedifoni, pande zote zikiwa mono. VirtualDJ, Mixxx na djay zote zina mpangilio wa kufanya hivyo, na kwa anayejifunza kwa simu yenye djay inatosha kabisa. Tiba kamili ni kontrola yenye kadi ya sauti ndani yake, au kadi ya nje yenye njia nne za kutolea sauti. Hedifoni za Bluetooth ziache nyumbani: sauti yake huchelewa kiasi ambacho huwezi kulinganisha mapigo hata ukiwa bingwa.

Kontrola haitambuliki, au programu inadai malipo

Tenganisha hali tatu. Kama kontrola haiwaki kabisa, jaribu kebo nyingine na uichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta. Kebo nyingi za simu zinazouzwa barabarani hupitisha chaji tu, hazipitishi data. Kama inawaka na vitufe vinaitikiwa kwenye skrini lakini hakuna sauti inayotoka nyuma yake, draiva ya sauti haijawekwa au hujaichagua katika mipangilio. Kama inawaka lakini programu inakaa kimya kana kwamba haioni kitu, huenda programu hiyo haiitambui kontrola ya aina yako, na hapo ndipo uchaguzi unapofanyika kweli.

Serato hufanya kazi na vifaa vilivyomo kwenye orodha yake rasmi tu. Traktor imezoeana zaidi na kontrola za kampuni yake, zile za familia ya Kontrol. Rekordbox ina utaratibu wa kufunguliwa na kontrola: DDJ-400 na DDJ-FLX4, kwa mfano, zikichomekwa, sehemu ya kupigia muziki inafunguka bila malipo, na ukizichomoa inajifunga tena, jambo ambalo limewashtua wengi waliodhani wameibiwa. DDJ-FLX4 hufungua pia Serato DJ Lite, na kwa sababu hiyo ni mashine nzuri kwa ambaye hajaamua. VirtualDJ hutambua kontrola nyingi mno, lakini toleo la bure huziruhusu kwa muda mfupi tu kisha hukukumbusha kununua leseni. Mixxx haidai chochote, ila ramani za kontrola zake nyingi, yaani maelekezo ya kila kitufe kinafanya nini, huandikwa na watumiaji wenyewe, kwa hiyo angalia orodha yao kabla ya kununua.

Kwa hiyo kama tayari unayo kontrola, soma kibandiko chake na jina la programu iliyotajwa kwenye boksi, na uanzie hapo. Kama huna, usinunue kontrola iliyotumika kabla ya kuijua programu inayoifungua. Nimeona vijana wakinunua mashine ya bei ya kutamanisha kisha wakagundua kwamba leseni yake inalipwa kila mwezi kwa dola.

Kuhusu kopi zilizovunjwa kufuli ambazo huzunguka kwa flashi, sitasema mengi. Kopi hizo hazisasishwi, nyingine huja na programu hasidi, na ikigoma usiku wa kazi huna wa kumuuliza. Mixxx ni halali na ni bure. Sioni sababu ya mtu kujihatarisha.

Maktaba nzima ina alama za mshangao

Hili lilinikuta mwenyewe katika harusi moja Tabata, na lilikuwa kosa langu. Nyimbo zangu zilikuwa kwenye diski ya nje. Kabla ya kuichomeka, shemeji wa bwana harusi alinipa flashi yenye wimbo wa kuingilia, nami nikaichomeka kwanza. Windows ikaipa flashi herufi E, ambayo siku zote ilikuwa ya diski yangu, na diski ilipofuata ikapewa F. Programu ikaenda kutafuta nyimbo elfu kadhaa kwenye E, haikuzikuta, na kila jina kwenye skrini likapigwa alama. Bibi harusi alikuwa ameshafika mlangoni, MC amenyanyua mkono ananitazama.

Nyimbo hazikuwa zimefutwa. Nilifunga programu, nikachomoa vyote viwili, nikaanza na diski, kisha flashi, nikafungua tena, na kila kitu kikarudi mahali pake. Tiba ya kudumu niliifanya kesho yake: kupitia usimamizi wa diski wa Windows, niliipa diski herufi ya mbali, M, ambayo flashi ya mgeni haiwezi kuichukua. Dalili hiihii hutokea unapohamisha folda au kubadilisha majina ya mafaili nje ya programu. Serato na rekordbox zote zina sehemu ya kutafuta upya mafaili yaliyopotea. Itumie badala ya kuziingiza nyimbo upya, maana ukiziingiza upya unaweza kupoteza alama za kuanzia ulizoziweka kwa miezi.

Flashi haisomeki kwenye mashine za ukumbi

Baadhi ya kumbi na klabu zina vicheza muziki vya CDJ au XDJ, na DJ anatakiwa aje na flashi tu. Ikikataliwa kabisa, chanzo cha kwanza ni umbizo, yaani mfumo ambao flashi imepangwa nao kuhifadhi mafaili: vicheza hivyo kwa kawaida havisomi NTFS, na FAT32 ndiyo salama. Ikisomeka lakini nyimbo hazina gridi wala alama, nyimbo zilinakiliwa kama mafaili ya kawaida. Mashine hizo zinaelewa maktaba iliyotolewa kupitia rekordbox, na mpango wake wa bure unatosha kwa kazi hiyo. Hii ndiyo hoja yenye nguvu zaidi ya kuichagua rekordbox: ikiwa lengo lako ni kupiga klabu kwa vifaa vya klabu, utaihitaji hata kama nyumbani unatumia nyingine.

Jihadhari pia na flashi bandia. Inaandika GB 128 kwenye skrini lakini uwezo wake halisi ni GB 8, na kila kinachozidi hapo kinaharibika kimyakimya. Wimbo wa dakika nne wa 320 kbps (kiasi cha data kwa kila sekunde) una takriban MB 9.6, kwa hiyo baada ya nyimbo kama mia nane zilizobaki hazipigiki. Ijaze yote, kisha fungua mafaili ya mwisho uyasikilize.

Sauti ni safi nyumbani, lakini inapasuka kwenye spika kubwa

Tazama taa za programu. Zikifika nyekundu, sauti imeshakatwa vichwa kabla haijatoka kwenye kompyuta, na hakuna fundi wa spika atakayeirudisha. Shusha sauti ya kila upande hadi kilele kiishie kwenye rangi ya njano, kisha mwombe fundi aongeze kwake.

Zikiwa za kijani na bado sauti ni chafu, pima mafaili. Wimbo wa dakika nne wenye MB 3.8 ni wa 128 kbps, na upungufu ambao spika za laptop zinauficha husikika wazi kwenye spika kubwa, hasa kwenye matoazi na sauti za juu. Wimbo ulioshushwa kutoka kwenye video kisha ukageuzwa kuwa 320 unakuwa mzito bila kuwa mzuri.

Kama kuna mngurumo unaoendelea hata muziki ukisimamishwa, chomoa chaja ya laptop kwa sekunde chache. Ukikoma, tatizo ni njia ya ardhi ya umeme, pengine kwenye waya wa kuunganishia usio na pini ya tatu inayofanya kazi. Chomeka kompyuta na mixa kwenye chanzo kimoja cha umeme chenye ardhi, au weka katikati boksi la DI, kifaa kidogo kinachotenganisha njia za umeme za pande mbili.

Programu inasimama intaneti ikikosekana

Nyimbo za huduma za kutiririsha hukaa kwenye maktaba yako kama zako, mpaka bando liishe. Programu nyingi pia hukataa kurekodi mseto wenye nyimbo hizo. Kabla ya kuichagua programu yoyote, zima data, izime kompyuta, iwashe tena, uifungue. Ikidai kuingia kwenye akaunti au nusu ya nyimbo zikigeuka kijivu, umeshajua itakavyokuwa katika ukumbi wenye mtandao hafifu.

Ukishathibitisha kwamba lazima uhame

Kuna wakati chanzo ni programu kweli: haiitambui kontrola yako, haikubali gridi ya muziki unaoupiga, au klabu unayokwenda inatumia mfumo mwingine. Basi hama, lakini usifute ya zamani. Nakili kwanza folda ya maktaba kwenye diski nyingine. Mixxx inaweza kusoma maktaba za rekordbox, Serato na Traktor zikiwa palepale zilipo, kwa hiyo anayeielekea huanza na orodha zake mkononi. Kwingine huenda ukalazimika kuziweka alama upya, wimbo kwa wimbo. Anza na nyimbo hamsini unazozipiga kila wiki. Zitumie programu zote mbili kwa wiki mbili za mazoezi, na usiifanye wiki yenye harusi kuwa wiki ya kwanza ya programu mpya, wala usikubali kusasisha mfumo wa kompyuta siku mbili kabla ya kazi, hata skrini ikikuomba mara kumi.